Polisi wa Ferguson ni wa nani? Historia ya askari wa mji mdogo na daftari lake la faini

Agosti 2014, moshi wa mabomu ya machozi kutoka Ferguson, mji wa Marekani ambako polisi alikuwa amemuua kijana Mweusi, ulipojaa kwenye televisheni, fundi viatu wa kijiweni kwetu aliuliza swali ambalo bado nalisikia kila polisi wa Marekani wanapoua mtu: "Obama si ndiye rais, tena Mweusi? Si ampigie simu huyo mkuu wa polisi amwambie kesho usije kazini?" Kila mtu akajibu lake. Mmoja akasema ni siasa, mwingine ubaguzi, wa tatu akasema rais anawaogopa Wazungu. Jibu la kweli hakulitoa mtu, nami nikiwemo. Rais hakuweza kumfukuza mkuu yule kwa sababu si yeye aliyemwajiri.

Sisi tukisema "polisi" akilini tunaona jeshi moja: juu kabisa IGP, chini yake makamanda wa mikoa, kisha OCD, kisha OCS, mpaka konstebo wa zamu pale kaunta. Askari akihamishwa kutoka Tarime kwenda Lindi anabaki askari yule yule, mwajiri yule yule. Ferguson mambo hayako hivyo. Ule ni mji wa watu elfu ishirini hivi katika jimbo la Missouri, na polisi wake ni idara ya halmashauri ya mji, kama zilivyo idara nyingine pale manispaa. Wanalipwa kutoka mfuko wa mji na sare zao zina jina la mji. Mkuu wao haripoti kwa kamanda yeyote wa mkoa. Bosi wake ni meneja wa mji, mtu anayefanana sana na mkurugenzi wa halmashauri kwetu Tanzania. Msomaji wa Nairobi amfikirie askari kanjo, kisha ampe bastola, mahabusu na mamlaka ya kukukamata kwa kosa lolote, hata mauaji. Wa Dar es Salaam amfikirie mgambo wa jiji, naye ampe hayo hayo.

Ukishaishika picha hiyo, mengi ya Ferguson yanaanza kueleweka.

Polisi elfu kumi na nane

Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000. Sikukosea sifuri. Karibu nusu ya idara za polisi za miji zina askari wasiofika kumi wa kudumu. Yaani mkuu, naibu wake na vijana wachache wanaopokezana zamu na gari. Kando ya polisi wa miji kuna sherifu, ambaye kwa kawaida huchaguliwa kwa kura na kufanya kazi ya polisi katika kaunti. Kaunti nyingine, ikiwemo ya St. Louis ambamo Ferguson imo, zina polisi wake wa kaunti pembeni ya sherifu. Juu yao wapo polisi wa jimbo, ambao Missouri wanaitwa askari wa barabara kuu. FBI, tunaowaona sana kwenye sinema, ni wapelelezi wa serikali ya shirikisho wenye orodha yao ya makosa. Wao si wakubwa wa hao wengine. FBI hawezi kumwamuru konstebo wa Ferguson ahame zamu, sawa na mkaguzi wa TRA asivyoweza kumwamuru mgambo wa soko.

Imekuwaje hivi? Walowezi wa Kiingereza walikuja na utaratibu wa kwao, kila kijiji kikijichagulia konstebo na kila wilaya ikiwa na sherifu wake. Baadaye miji mikubwa ikaunda polisi wa kulipwa, Boston mwaka 1838 na New York 1845, lakini kila mmoja ukaunda wake. Kusini, kwenye utumwa, yalikuwepo pia makundi ya doria ya kuwasaka watumwa watoro, nayo pia yakiendeshwa na wenyeji wa mahali. Kwetu polisi waliletwa na mkoloni kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa kazi yao ya kwanza ilikuwa kumlinda mkoloni mwenyewe. Kule walichipuka kutoka chini, mji kwa mji, na hakuna aliyewahi kuwaunganisha.

Tena usidhani kwamba wenyeji wameachiwa polisi wao kila mahali. Jiji kubwa la jirani, St. Louis, liliporwa polisi wake na jimbo mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaanza na gavana aliyeelemea upande wa Kusini akitaka silaha za jiji zisiwe mikononi mwa wapinzani wake. Vita viliisha baada ya miaka minne. Polisi walirudishwa kwa jiji mwaka 2013. Na mwaka 2025 jimbo likawachukua tena.

Talaka ya 1876

Jiji hilo la St. Louis ndilo lililozaa vurugu ya miji midogo inayolizunguka. Mwaka 1876 wapiga kura waliamua jiji lijitenge na kaunti yake. Wenyeji wanaiita Talaka Kuu. Jiji lilijiona tajiri, halikutaka kulisha mashamba. Lakini lilipochora mpaka wake lilijifungia ndani, kwa hiyo watu walipoanza kuhamia nje, jiji halikuweza kuwafuata. Nje huko kila kitongoji kilichotaka kikajiandikisha kuwa mji, na kufikia 2014 kaunti ilikuwa na miji kama 90, mingi ikiwa na polisi wake na mahakama yake ndogo. Ukiendesha gari kilomita chache tu unapita miji minne, na taa moja ya breki iliyoungua inaweza kukuletea faini nne.

Ferguson ilianzia kwenye reli. Mwaka 1855 mwenye shamba mmoja, William Ferguson, aliipa kampuni ya reli kipande cha ardhi kwa sharti kwamba wajenge stesheni na kuipa jina lake. Mwaka 1894 ukawa mji rasmi. Kwa miongo mingi ulikuwa mji wa Wazungu wa tabaka la kati, nyumba za matofali na kampuni kubwa ya vifaa vya umeme, Emerson, yenye makao yake makuu pale pale. Ubavuni mwake kuna Kinloch, mji wa Weusi. Hadi miaka ya 1960 barabara kuu ya kutoka Kinloch kuingia Ferguson ilizibwa kwa mnyororo na takataka za ujenzi. Njia ya pili iliachwa wazi mchana ili wafanyakazi wa ndani na yaya wafike kazini. Giza likiingia, Mweusi alitakiwa awe kwao.

Mwaka 1970 wakazi 99 kati ya 100 wa Ferguson walikuwa Wazungu. Kisha mambo yakageuka haraka. Uwanja wa ndege wa St. Louis ulinunua nyumba za Kinloch moja baada ya nyingine ukitaka nafasi na kupunguza kelele juu ya vichwa vya watu, na mji uliokuwa na maelfu ukabaki na watu 298 kwenye sensa ya 2010. Wengi walihamia Ferguson, wengine wakatoka mjini St. Louis kutafuta shule na usalama. Kufikia 2010 Weusi walikuwa asilimia 67 ya Ferguson. Polisi hawakubadilika pamoja na mji. Siku ile ya Agosti 2014 idara ilikuwa na askari 53. Weusi walikuwa watatu.

Hapo wengi wetu tunasimama: polisi Wazungu, raia Weusi, basi. Ni kweli, lakini haijitoshelezi. Haielezi kwa nini askari hao walikuwa wanasimamisha magari hovyo kiasi kile. Kwa hilo lazima tufungue daftari la mapato.

Askari kama mkusanya ushuru

Tangu 1980 katiba ya Missouri inazuia halmashauri kupandisha kodi bila kura ya wananchi. Ni kinga nzuri kwa mlipakodi, sikatai. Lakini mji mdogo ambao wakazi wake wanazidi kuwa maskini, na ambao bado unataka kuendesha polisi, zimamoto na mahakama yake, utapata wapi pesa? Njia moja haikuhitaji kura ya mtu yeyote: faini.

Mwaka 2010 Ferguson ilikusanya dola milioni 1.38 za faini na ada za mahakama, katika mapato ya jumla ya dola milioni 11.07. Bajeti ya 2015 ilitarajia milioni 3.09 katika 13.26. Ukikokotoa unapata karibu robo ya mapato. Na usisahau kwamba hayo yalikuwa makadirio. Mji ulipanga mapema raia wake watakosea kiasi gani mwaka unaofuata, kama mwenye duka anavyokadiria mauzo ya sikukuu. Machi 2010 ofisa wa fedha wa mji alimwandikia mkuu wa polisi kwamba, kama faini zisipoandikwa kwa wingi zaidi kabla ya mwaka kwisha, itakuwa vigumu kuongeza makusanyo. Hapo askari na hakimu wanakuwa kama wameajiriwa na kitengo kimoja, na karani wa mahakama alikuwa kweli chini ya idara ya fedha.

Makosa yenyewe? Nyasi ndefu uani: mtu mmoja alitozwa dola 531. Kutembea vibaya barabarani: dola 302. Ndiyo, kutembea. Kati ya walioandikiwa kosa hilo la kutembea kuanzia 2011 hadi 2013, asilimia 95 walikuwa Weusi.

Sasa chukua kisa kimoja kilichomo kwenye ripoti ya serikali ya shirikisho, kwa sababu takwimu peke yake hazina uso. Mwaka 2007 mwanamke mmoja Mweusi aliegesha gari vibaya. Aliandikiwa faini mbili, jumla dola 151 na ada juu yake. Alikuwa na shida, nyakati nyingine hana hata pa kulala, akashindwa kufika mahakamani siku kadhaa. Kila alipokosa kufika liliongezwa kosa jipya na faini mpya na hati ya kumkamata. Alijaribu kulipa kidogo kidogo, mara moja alipeleka dola 25 na nyingine 50, mahakama ikamrudishia pesa zake ikitaka zote kwa mkupuo. Miaka saba baadaye alikuwa ameshakamatwa, amekaa ndani siku sita, amelipa dola 550, na bado anadaiwa 541. Kwa kuegesha gari. Mkopo wa riba wa mtaani una huruma kuliko huo.

Hati hizo za kukamata hazikuwa za wauaji wala majambazi. Mwaka 2013 mahakama ya Ferguson ilitoa zaidi ya 9,000, katika mji wa watu 21,000. Nyingi zilikuwa za watu walioshindwa kufika mahakamani au kulipa.

Mchana wa tarehe 9 Agosti

Adhuhuri ile kijana wa miaka 18, Michael Brown, alikuwa anatembea katikati ya barabara ya Canfield na rafiki yake. Askari Darren Wilson aliwaambia wapande pembeni. Dakika chache baadaye Brown alikuwa amekufa kwa risasi, na mwili wake ukalala juani kwenye lami kwa muda wa takriban saa nne huku majirani na watoto wakiutazama. Makabiliano yalianzia pale pale kwenye kosa la kutembea, hata kama Wilson alisema alikuwa amekwisha kusikia kwenye redio ya polisi habari ya wizi wa sigara dukani.

Hapa ndipo hadithi inapochanganywa sana mitandaoni, kwa hiyo twende taratibu.

Watu husema Wilson "alishinda kesi". Hakuwa na kesi. Jopo la raia 12 liliketi kwa siri kuamua kama kuna ushahidi wa kutosha kumfungulia mashtaka ya jinai, na tarehe 24 Novemba 2014 ikatangazwa kwamba hatashtakiwa. Kesi haikuanza.

Halafu, Machi 4, 2015, Wizara ya Sheria ya serikali ya Obama ilitoa ripoti mbili siku moja. Watu wengi wameisikia moja tu, ile inayowafurahisha. Ya kwanza ilimhusu Wilson: ilisema ushahidi hautoshi kumshtaki kwa sheria za shirikisho, na kwamba mashahidi waliodai Brown alikuwa amenyoosha mikono juu hawakuaminika. Ya pili iliihusu idara nzima, nayo ilikuwa kali. Iligundua kuwa kati ya 2012 na 2014 Weusi, asilimia 67 ya wakazi, walikuwa asilimia 85 ya madereva waliosimamishwa, 90 ya walioandikiwa makosa na 93 ya waliokamatwa, na kwamba idara ilikuwa inavunja katiba kama mazoea. Ripoti hizo hazipingani. Anayetumia ya kwanza kusema Ferguson ilisingiziwa hajasoma ya pili, na anayetumia ya pili kuthibitisha kila kilichosemwa kuhusu mchana ule hajasoma ya kwanza.

Basi rais aliweza nini?

Kushitaki. Mwaka 1994, miaka mitatu baada ya dunia kumwona Rodney King akipigwa na polisi wa Los Angeles, bunge la Marekani liliipa Wizara ya Sheria uwezo wa kuupeleka mahakamani mji wowote ambao polisi wake wana mazoea ya kukiuka haki za watu. Hiyo ndiyo kamba pekee ndefu aliyokuwa nayo Obama. Gavana wa jimbo, Jay Nixon, alikuwa na nyingine fupi: katikati ya ghasia aliwaondoa polisi wa kaunti kwenye usukani wa ulinzi akamkabidhi kapteni wa askari wa barabara kuu, Ron Johnson, mwenyeji wa upande ule. Siku chache baadaye akaita na jeshi la akiba la jimbo.

Baada ya ripoti kutoka, meneja wa mji, hakimu na mkuu wa polisi Thomas Jackson walijiuzulu ndani ya mwezi ule ule wa Machi. Kumbuka: walijiuzulu kwa mji. Hakuna aliyewapigia simu kutoka Washington kuwaambia kesho msije.

Kisha mji na wizara wakakaa mezani kuandika makubaliano ya kurekebisha idara. Siyo barua ya nia njema. Yakishasainiwa yanakuwa amri ya mahakama, jaji anayasimamia na mkaguzi wa nje anayafuatilia. Februari 2016 madiwani walipiga hesabu ya gharama, wakaogopa, wakayapitisha kwa kuyabadilisha. Kesho yake wizara ikawafungulia kesi. Machi madiwani wakayakubali yalivyo, na Aprili 19 jaji wa shirikisho akayaidhinisha. Mwezi huo huo wapiga kura waliulizwa kuhusu kodi mbili za kusaidia bajeti. Ya mauzo waliipitisha. Ya nyumba na viwanja wakaikataa. Nisiwalaumu, ukitozwa dola 531 kwa nyasi, hamu ya kuuongezea mji pesa haiji upesi.

Jimbo nalo lilitunga sheria mwaka 2015 kupunguza sehemu ya mapato ya mji inayoweza kutoka kwenye faini za barabarani: asilimia 20 kwa miji yote, 12.5 kwa miji ya Kaunti ya St. Louis. Miji ikaenda mahakamani ikalalamika kwamba inabaguliwa, na mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta ile ya 12.5. Lakini hatua iliyogusa watu moja kwa moja ilitoka chini: Agosti 2015 hakimu mpya wa Ferguson, Donald McCullin, alizifuta hati zote za kukamata zilizotolewa kabla ya mwisho wa 2014.

Bado nasikia watu wakisema polisi wa Ferguson "walivunjwa". Hawakuvunjwa. Wamepitia wakuu kadhaa tangu Jackson, mmoja akiletwa kutoka Miami, na ilipofika 2024 zaidi ya nusu ya askari walikuwa Weusi. Mwaka 2020 mji ulimchagua Ella Jones kuwa meya wake wa kwanza Mweusi na wa kwanza mwanamke. Idara imepungua, kuajiri kumekuwa kugumu, lakini ipo, na bado ni ya mji.

Uliovunjwa ni mwingine, na watu huchanganya hapo kwa sababu Wilson anahusika. Kazi yake ya kwanza ya upolisi haikuwa Ferguson bali Jennings, mji wa jirani kabisa. Mwaka 2011 uhusiano wa polisi wale na wakazi Weusi ulikuwa umeharibika na malalamiko ya ufisadi yamezidi, madiwani wakapiga kura kuifuta idara yote, askari wote nje. Wilson alitafuta ajira mpya akaipata mpakani tu, Ferguson. Polisi wa Ferguson na wa Jennings hawakuwa jeshi moja, kwa hiyo hakuhamishwa na mtu. Aliomba kazi kama mlinzi anavyohama kampuni.

Nilipomsimulia hayo yote fundi wetu, alikuwa anapiga gundi soli ya raba ya mtoto wa shule. Hakuinua kichwa. "Sasa hao wa Jennings," akasema, "mwizi akiingia usiku wanampigia nani?" Wanapiga simu ile ile. Inayokuja ni gari ya polisi wa kaunti, na mji unalipia huduma hiyo kwa mkataba, kama halmashauri inavyolipa kampuni ya kuzoa taka.